Mgeni Dar es Salaam: jinsi ya kununua vyakula bila kupunjwa

Mwongozo huu ni wa mtu aliyehamia Dar es Salaam kutoka nje ya Tanzania: mwanafunzi aliyetoka Bujumbura, mama aliyemfuata mumewe kazini kutoka Nairobi, kijana wa Goma au Lubumbashi aliyepanga chumba Sinza. Kiswahili unacho, kwa hiyo hutapotea. Ila masoko ya Dar yana taratibu zake, na nyingi hakuna atakayekueleza kwa sababu wenyeji wamezikulia.

Nimekuwa jirani wa wageni wengi, na ninachokiona ni hiki: wanaohangaika ni wale wanaosaka bei ya chini kila siku mahali papya. Wanaotulia mapema ni wale waliojipatia watu wao, yaani mama wa genge mmoja, yule muuza mboga wa mtaani, bucha moja, duka moja la mchele. Dar mteja anayerudi hutunzwa. Anachaguliwa nyanya ngumu, anawekewa kotimiri juu, anaambiwa ukweli kwamba "leo hii siyo nzuri, njoo kesho". Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinakuelekeza huko.

Hatua ya kwanza: wiki ya mwanzo, kaa mtaani kwako

Usianze na Kariakoo. Anza na genge la karibu na nyumbani: kile kibanda au meza ya mbao yenye nyanya, vitunguu, karoti, hoho, bamia, nyanya chungu, ndimu, nazi na mboga za majani. Karibu yake kutakuwa na duka la sukari, unga, chumvi, mafuta, sabuni na viberiti, ambalo Dar nzima huliita "kwa Mangi". Bei ya gengeni na kwa Mangi iko juu kidogo kuliko sokoni. Lipa hiyo tofauti kwa moyo mweupe wiki ya kwanza. Unanunua kwa kiasi kidogo, hulipi nauli, na unajifunza bei za kawaida za mtaa. Bila kuzijua hizo, ukifika soko kubwa hutakuwa na cha kulinganisha.

Pita magenge mawili matatu ya mtaa kwa siku tofauti, ukinunua kidogo kidogo. Angalia nani ana mboga mbichi asubuhi, nani anaficha nyanya zilizopondeka chini ya fungu, nani anakuambia bei ileile aliyomwambia aliyetangulia. Ukishampata, tulia kwake.

Hatua ya pili: salimia kwanza, kisha omba

Hili linawaponza wageni kuliko bei. Mtu wa Dar haanzi na "hii ni pesa ngapi?" Anaanza na salamu. Kwa aliyekuzidi umri ni "Shikamoo mama", "Shikamoo mzee", usubiri "Marahaba". Kwa rika lako ni "Mambo vipi dada", "Habari za saa hizi kaka". Halafu ndipo useme unachotaka, na useme kwa "naomba": "Naomba nyanya za buku" (shilingi elfu moja), "Naomba unipimie kilo mbili". Kwenu "nipe" au "leta" inaweza kuwa lugha ya kawaida kabisa. Hapa inasikika kama amri, na mama wa genge ataipokea hivyo hata kama hakuonyeshi usoni.

Yeye atakuita mpenzi, mwanangu, bosi, anti au anko. Ni lugha ya biashara, ichukulie kwa wema. Ukishamzoea utamwita Mama Fulani kwa jina la mwanawe, kama wanavyomwita wengine.

Kupunguziwa bei nako kuna adabu yake. Kwa fungu la mchicha la mia tano usivutane. Sema "Niongeze basi mama", utapata kishada cha ziada au pilipili mbili. Kuomba punguzo kunafaa unaponunua kwa wingi: ndoo ya viazi, mkungu wa ndizi, kuku watatu. Hapo sema "Nipunguzie kidogo", kisha "Bei ya mwisho?" Akikutajia ya mwisho nawe umeikubali, nunua. Kumfikisha mtu kwenye bei ya mwisho kisha ukaondoka ni jambo ambalo hukumbukwa.

Hatua ya tatu: yajue majina ya vitu

Kwa aliyetoka Kenya: waru ni viazi mviringo. Dhania ya majani ni kotimiri au giligilani. Managu ni mnafu, nduma ni magimbi, minji ni njegere, mala ni mtindi. Ndengu za kijani hapa ni choroko. Ukiomba dengu utapewa zile kubwa za kahawia. Njugu zenu za kukaanga hapa ni karanga, maana ukisema njugu mtu atadhani unatafuta njugu mawe. Omena ni dagaa, nao wana daraja: wa Kigoma, wa Mwanza, na wa baharini wanaoitwa dagaa mchele. Taja unaowataka, kwa sababu bei zao hazilingani hata kidogo. Nyama ya nguruwe ni kitimoto, na haiuzwi kwenye bucha la kawaida.

Kwa aliyetoka Kongo au Burundi: sombe ni kisamvu, na magenge mengi huuza kilichokwisha kutwangwa. Lengalenga ni mchicha. Kwa fufu tafuta unga wa muhogo, au makopa ukayasagishe mwenyewe mashineni. Mawese ya Kigoma yapo Kariakoo, huuzwa kwenye chupa na madumu. Mwombe muuzaji afungue unuse kabla ya kulipa.

Unga wa mahindi una namna mbili. Sembe ni uliokobolewa, mweupe na laini. Dona ni uliosagwa na kiini chake. Ukisema "unga" peke yake kwa Mangi utapewa sembe.

Hatua ya nne: pesa

Sarafu ni za 50, 100, 200 na 500. Noti ni za 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000. Noti ya zamani ya 500 iliondolewa kwenye mzunguko 2025, kwa hiyo usiipokee kama chenji. Mitaani 500 ni jero, 1,000 ni buku, na buku jero ni 1,500. Mwenye akili ya shilingi ya Kenya ajipe siku chache azoee, asishtuke akisikia "elfu tano", wala asiione "mia tano" kuwa kubwa.

Toka nyumbani na noti ndogo. Ukimpa mama wa mchicha elfu kumi asubuhi, ataacha meza yake aende kutafuta chenji kwa jirani, na nyote wawili mtachelewa. Kwa manunuzi makubwa kidogo, wengi hupokea kwa simu: M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa, kwa "lipa namba" iliyobandikwa ukutani. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea na umuulize muuzaji kama ndilo lake. Laini ya simu mgeni husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole. Nenda kwenye duka la kampuni yenyewe, usisajiliwe na mtu barabarani kwa jina lisilo lako.

Dola usizitoe. Tangu 2025 kanuni zinakataza kutaja bei au kulipia bidhaa za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Badilisha benki au kwenye duka la kubadilishia fedha lenye leseni.

Hatua ya tano: uliza kipimo kabla ya bei

Kama kuna sehemu moja ya kusoma mara mbili, ni hii. Mgeni husikia "elfu tatu" akafurahi, kumbe hakuuliza ni elfu tatu ya nini.

Gengeni vitu huuzwa kwa fungu. Fungu halina uzito maalumu: nyanya nne kubwa, au sita ndogo, zimepangwa moja juu ya nyingine. Bei ya fungu hukaa palepale wiki nzima huku ukubwa wa fungu ukibadilika. Nyanya zikiadimika, fungu la jero linatoka nyanya tano hadi tatu. Kwa hiyo unapolinganisha magenge, hesabu na upime kwa macho kilichomo.

Viazi, vitunguu, nyanya na maharage mabichi hupimwa kwa sado, kile kindoo cha plastiki cha lita nne. Ndoo kubwa ni lita 20, maana yake sado tano. Piga hiyo hesabu palepale: kama sado ni elfu nne na ndoo ni elfu ishirini na mbili, hakuna sababu ya kununua ndoo.

Sado yenyewe iangalie vizuri. Inamishe utazame kitako. Iliyobonyea kuingia ndani inakula robo ya viazi vyako. Tazama pia mkono wa muuzaji anapopanga. Viazi vikubwa vikiwekwa wima kwa ustadi, huacha mapango katikati, na juu vikarundikwa kama kichuguu ukaona umependelewa. Namna ya kujua ni rahisi: mwombe kwa upole avimwage kwenye mfuko wako mbele yako, kisha ainue mfuko uone. Muuzaji mzuri atakuongezea viwili bila neno. Na usinunue ndoo ya nyanya kwa kuangalia ya juu tu. Chini ndiko zinakolala zilizobonyea kutoka Iringa au Lushoto.

Mchele, sukari, unga wa kupima, maharage makavu na nyama ni kwa kilo, nusu na robo. Mizani inayotumika kwa biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Itafute hiyo stika, na tazama mshale kabla kitu hakijawekwa: uwe kwenye sifuri. Mayai ni kwa trei ya 30 au kwa moja moja. Ndizi za kupika ni kwa mkungu au kwa chane. Mafuta ya kula kwa Mangi unaweza kupimiwa kidogo kwa chupa yako. Ni msaada kwa bajeti finyu, ila chupa iwe safi na kavu.

Gunia lililoshonewa kofia juu huitwa lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza kwa sababu inamnyonya mkulima, anayelipwa gunia moja kwa mzigo wa moja na nusu. Usiisifie unapoiona sokoni.

Hatua ya sita: chagua mchele kwa pua na meno

Kwa watu wa Dar mchele ni suala zito. Utasikia mchele wa Kyela, wa Kamsamba, wa Kahama, wa Shinyanga, wa Ifakara. Wa Mbeya, hasa Kyela, unasifiwa kwa harufu, na kwa sababu hiyo jina lake hubandikwa hata kwenye mchele usiokanyaga huko. Usinunue jina. Chota kiganjani, pulizia pumzi ya moto, unuse: mchele wenye harufu nzuri hujitangaza hapo. Tafuna punje mbili. Mpya huwa laini kidogo na hupikwa kwa maji machache, la sivyo unakuwa bokoboko. Wa zamani hukatika kwa sauti na huachana vizuri kwenye pilau. Tazama chenga, mawe na vumbi.

Nunua kilo moja kwanza. Ukipika ukaupenda, rudi dukani kesho yake ununue kumi za gunia lilelile, maana gunia jingine la jina hilohilo linaweza kuwa mchele tofauti kabisa. Tandale ndilo soko la nafaka ambako wenye maduka wengi wa mitaani huchukua mzigo; ukiwa na familia kubwa, kwenda huko mara moja kwa mwezi kunalipa.

Maharage ya njano ndiyo yanayopendwa, yanaiva upesi na mchuzi wake ni mzito. Muulize muuzaji kama ni mapya ya msimu huu. Ya zamani yatakumalizia gesi.

Hatua ya saba: mboga za majani na nazi

Mchicha, matembele, majani ya maboga, chainizi, spinachi na sukuma wiki zinunue asubuhi, au jioni mzigo wa pili unapofika. Mboga nyingi za Dar hulimwa mjini humuhumu, baadhi kando ya mito inayopokea maji machafu, Msimbazi ukiwemo. Usiogope kula mboga. Osha jani moja moja kwa maji mengi safi, badilisha maji mara tatu, na uzipike. Ya kula mbichi, kama kachumbari, ioshe kwa maji yaliyochemshwa. Mama wa genge atakukatia sukuma wiki au chainizi bila malipo ukimwomba, lakini ukishakatiwa huwezi kuosha vizuri tena. Mimi ningekata mwenyewe.

Sasa nazi, kwa sababu chakula cha pwani bila nazi kinapungukiwa, na mgeni wa bara hajui pa kuanzia. Lililo bichi la kijani la kunywa maji ni dafu. Koroma ni iliyokaribia kukomaa. Ya tui ni nazi kavu yenye kifuu cha kahawia. Ishike: iwe nzito kuliko ulivyotarajia. Itikise sikioni: maji yacheze kwa sauti wazi. Isiyo na maji inaelekea kuwa mbata, yaani imekauka ndani, au imeoza. Tazama yale macho matatu kichwani. Yakiwa na unyevu au ukungu, irudishe.

Kisha mwombe aipasue palepale. Ataigonga kwa mgongo wa panga katikati, huku akiizungusha mkononi, mpaka iachie mstari; maji yatamwagika na harufu itatoka. Nusa. Harufu iwe tamu. Ikiwa kali kama ya mafuta yaliyoharibika, mwambie, atakubadilishia, mradi mlikubaliana kabla. Masokoni na kwenye magenge mengi kuna mashine ya kukunia: kichwa cha chuma chenye meno kinazunguka, kijana anakikandamizia nusu ya nazi, na nazi nyeupe iliyokunwa inadondokea kwenye bakuli. Mwambie aishie penye weupe, asikwangue mpaka kwenye kahawia, vinginevyo tui litakuwa na rangi na ukakasi. Malipo yake ni sarafu tu. Nazi iliyokunwa haingoji: kwa joto la Dar huchacha ndani ya saa chache. Ikamue ukifika nyumbani, tui zito la kwanza weka pembeni la kumalizia, jepesi la pili ndilo la kuchemshia.

Hatua ya nane: samaki, na safari ya Feri

Soko la samaki la Feri liko Magogoni, pembeni ya kivuko cha Kigamboni. Mabasi ya mwendokasi hukufikisha kituo cha Kivukoni, kisha unatembea. Fika saa kumi na mbili asubuhi. Vaa viatu visivyoteleza na usiogope kulowa. Pesa ziwe mfuko wa mbele, simu isiwe mkononi.

Ukifika, usinunue kitu nusu saa ya kwanza. Simama mnadani utazame. Samaki humwagwa mezani kwa mafungu, dalali anataja bei, wachuuzi wanapandisha kwa ishara za haraka ambazo mgeni hazioni, na fungu linaondoka ndani ya ndoo. Mgeni akiingia kupandisha bila kujua, hujikuta na ndoo nzima ya vibua. Wewe nunua kwa wachuuzi waliotoka kununua dakika chache zilizopita. Faida yao ni ndogo asubuhi hiyo kwa sababu wanataka kumaliza.

Changu, tasi na kolekole ni wazuri wa kukaanga na mchuzi. Nguru na jodari hukatwa vipande. Nguru ana miiba michache, anafaa nyumba yenye watoto. Chewa mkubwa ni wa supu ya kichwa. Vibua ni vya bei nafuu na vina mafuta yake. Sato na sangara ni wa maziwa makuu, hasa Ziwa Victoria, kwa hiyo Dar hufika wakiwa na safari ndefu ya barafu. Ukiwa pwani, kula cha pwani.

Fungua shavu la samaki kwa kidole: matamvua yawe mekundu ya damu, yakiwa ya kahawia mwache. Jicho liwe limejaa na linang'aa. Bonyeza ubavuni: nyama irudi juu mara moja. Harufu iwe ya bahari.

Bei hufuata bahari. Dagaa na samaki wadogo wa kuvuliwa kwa taa hujaa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali hupungua. Pweza hupatikana vizuri wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na miamba kuwa wazi. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu vyombo vidogo haviendi mbali, na sokoni utauona huo upepo kwenye bei. Ukimkuta mchuuzi wako anasema samaki wamepanda, mwulize bahari ikoje kabla ya kumshuku.

Ukishanunua, kuna vijana wa kupara samaki. Patana nao bei kabla hujawakabidhi, na uwaeleze unavyotaka: vipande vya mchuzi, au mzima aliyechanjwa wa kuchoma. Simama hapo mpaka amalize, samaki wako asichanganywe na wa mwingine. Njoo na ndoo yenye mfuniko, nunua barafu, na uende moja kwa moja nyumbani. Anayekaa Kunduchi au Msasani ana wavuvi wake karibu, hahitaji kuvuka mji.

Hatua ya tisa: nyama na kuku

Bucha nenda asubuhi. Nyama iliyopita kwa mkaguzi ina mhuri wa rangi juu ya paja, omba uonyeshwe. Ukisema "nusu" bila kufafanua utakatiwa mchanganyiko, nyama na mfupa. Isiyo na mfupa omba steki, bei yake ni ya juu zaidi. Maini huisha mapema. Ukimzoea mwenye bucha atakuwekea ukimpigia jioni ya jana yake. Wachinjaji wengi wa ng'ombe na kuku ni Waislamu, kwa hiyo Mwislamu mgeni hatapata shida, ila kuuliza si vibaya.

Kuku wa kisasa huiva haraka, wa kienyeji ni wa bei na ni wa kuchemsha muda mrefu, chotara yuko katikati. Anayeuziwa kama wa kienyeji mtazame miguu na uzito: mnene, mlaini, mwenye miguu minene isiyo na sugu, huyo hakukua akichakura uani.

Hatua ya kumi: sasa nenda soko kubwa

Ukishajua bei na una mtu wako mtaani, masoko makubwa yatakusaidia mara moja au mbili kwa mwezi. Mabibo ni la ndizi na matunda. Temeke Stereo na Ilala ni ya mboga na mazao mengi kwa jumla. Buguruni, Tandika, Mwananyamala, Magomeni na Mbagala Rangi Tatu yanahudumia wanaoishi kuzunguka hapo, na kwa kawaida hakuna haja ya kulipita la kwenu kwenda la mbali. Kisutu ni la katikati ya mji. Zuri kwa viungo na kwa anayefanya kazi eneo la Posta.

Kariakoo ni mji ndani ya mji. Jengo la soko kuu, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, liliungua usiku wa 10 Julai 2021, na Serikali ikaingia kulijenga upya, lakini biashara ya vyakula haikuwahi kuwa ya jengo hilo peke yake. Imejaa mitaa yote inayolizunguka. Viungo, tende, dagaa, nafaka na vitu vya kwenu vilivyoadimika mitaani utavipata huko. Atakayekukimbilia kituoni akisema "njoo nikupeleke kwa bei nzuri" ni winga; malipo yake yatakuwa ndani ya bei yako. Mshukuru, endelea na safari. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa muda wa swala.

Malori ya mazao huingia usiku, kwa hiyo bei ya jumla ni ya alfajiri. Saa nne mzigo umeshapita mikono miwili. Kama tenga zima la nyanya ni kubwa kwako, changeni majirani watatu mgawane. Wapangaji wa nyumba moja hufanya hivyo sana na ni njia nzuri ya kuwajua watu unaoishi nao. Mbeba mizigo na dereva wa bajaji patana nao kabla mzigo haujainuliwa. Mzigo wa familia kadhaa, chukueni guta, ile ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, au kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ikiwa ni mbali.

Bei zina majira yake. Masika, Machi hadi Mei, barabara za mashamba huharibika, nyanya hupanda. Kabla ya Ramadhani na ndani yake, magimbi, mihogo, viazi vitamu, ndizi mbichi, nazi, tende na sukari hupanda. Vikavu vinunue wiki mbili kabla. Maembe huanza kujaa Novemba hivi. Machungwa ya Muheza na mananasi ya Kiwangwa nayo yana msimu wake, na msimu ukifika yatakufuata mpaka mlangoni kwenye toroli.

Mfuko, supamaketi na risiti

Mifuko ya plastiki ya kubebea, ile watu waliyoiita rambo, imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019. Usiingie nayo nchini na usitembee nayo. Beba kikapu cha ukili au mfuko wa kitambaa. Ukisahau utauziwa mfuko kila kituo.

Supamaketi zinafaa kwa jibini, vyakula vya watoto wachanga na vya kopo. Maziwa, mayai na unga wa ngano kwa Mangi ni vilevile na mara nyingi ni nafuu. Popote, tazama tarehe ya kuisha muda. Na dai risiti ya mashine: sheria inambana muuzaji asiyetoa na mnunuzi asiyedai.

Ukifika nyumbani

Joto na unyevunyevu wa Dar haviwahurumii wanaonunua kwa tamaa. Nyanya nunua mchanganyiko, za kula leo na ngumu za baada ya siku tatu, uzitandaze zisibanane. Vitunguu na viazi viweke penye hewa, kila kimoja pake. Mchele na unga viwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Fukusi wakiingia, anika mchele juani kwenye ungo, upepete, utalika. Samaki na nyama gawa kwa mafungu ya mlo mmoja kabla ya kugandisha, ili umeme ukikatika utoe kimoja upike badala ya kuyeyusha vyote. Kama huna friji bado, mwombe mwenye bucha akutunzie nusu ya nyama yako hadi kesho jioni. Kwa mteja wake anayemfahamu, wengi hukubali.